Mgongo kwa Mgongo

Kituoni, ng'ambo ya Kamanga
12 Februari 2024

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote waliomo bomani, pamoja na ile miguu yako inayokusumbua mvua zikikaribia. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala kwa dawa, na mikono imeacha kutetemeka tangu wiki iliyopita, ndiyo maana naweza kushika kalamu.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Huu mwaka wa kumi na tatu tangu nimwoe Dorcas na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Ndivyo tulivyolelewa: mkwe haketi na mama mkwe wake, hali naye, hamtazami usoni, na wakikutana njiani mmoja anaingia porini kumpisha mwenzake. Kwa hiyo nakosa adabu kukuandikia, na naomba unisamehe, lakini sina mlango mwingine wa kubisha.

Hapa nilipo ni kituo cha askari na wastaafu waliougua akili na ulevi. Tuko kumi na wanne. Wengi tulirudi kutoka ulinzi wa amani Kongo. Yupo pia mzee Antoni, aliyepigana vita vya Kagera akiwa kijana, na mpaka leo akisikia ndege inapita chini chini anaingia mvunguni mwa kitanda. Simu zilichukuliwa mlangoni. Asubuhi tunakimbia, kisha dawa, kisha tunakaa duara na mshauri wetu, Privatus, kila mtu aseme yaliyo moyoni. Mama, askari kukaa duara na kusema yaliyo moyoni ni kazi ngumu kuliko kuchimba handaki. Wiki ya tatu sasa nasema jina langu na namba yangu ya jeshi, basi, natulia.

Shida yangu ni hii. Siku tisini zikiisha, kituo hakimruhusu mtu kwenda nyumbani mpaka apatikane ndugu wa kutia sahihi kumpokea na kuishi naye boma moja mwaka wa kwanza. Asiye na ndugu anapelekwa hosteli, na wa hosteli nimewaona. Wanatoka jioni moja kununua sabuni, hawarudi. Wazazi wangu walishatangulia, unajua. Kaka yangu Yakobo amejibu kwamba ana watoto wadogo na hataki aibu. Dorcas nimemwandikia mara mbili, barua zikarudi zimefungwa vilevile.

Tarehe 9 Machi ni siku ya familia. Nakuomba umwambie Dorcas aje. Simlaumu kwa kuondoka nyumbani kwetu Nyakato na kurudi kwako. Alinitoa mtaroni mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Aje tu nimwone. Na mwanangu Rose mwambie baba anamsalimu.

Naishia hapa, kwa heshima na haya.

Mkweo,
Mihayo


Misungwi
21 Februari 2024

Mkwe wangu Mihayo,

Marahaba baba. Salamu zimefika. Mimi mzima, miguu ndiyo hiyo, inatabiri mvua vizuri kuliko redio. Rose hajambo. Ameshika nafasi ya nne darasani, na anasema wale watatu wa mbele waliibia. Pamba imeota vizuri, tuko kwenye palizi ya pili.

Umeomba msamaha kwa kuandika, nikacheka peke yangu jikoni. Wazee walikataza macho, walikataza sahani moja, walikataza mkeka mmoja. Barua hawakuikataza, maana hawakuijua. Mimi kusoma nilijifunzia ukubwani, kwenye elimu ya watu wazima, jioni baada ya shamba, Dorcas nikiwa nimembeba mgongoni. Mwalimu alitufundisha kuandika barua, kwanza salamu, kisha hali, kisha shida, kisha kwaheri. Tangu siku hiyo sijapata mtu wa kumwandikia. Niliowajua walikuwa karibu, na walipokwenda mbali simu zilikuwa zimeshaingia. Umenipa kazi niliyoisubiri karibu miaka arobaini, kwa hiyo usinionee haya.

Nami nakukumbuka, baba. Wewe unadhani sikukuona kwa kuwa sikukutazama. Ulipokuja kulima ukweni mara ya kwanza na vijana wenzako, na ngoma, nilikuwa nyuma ya ua nachungulia kama mwizi. Wenzako walirusha majembe juu wakayadaka. Wewe ulirusha la kwako likapotelea juani, ukalidaka nyuma ya mgongo wa mwenzako, na bado ukaendelea kucheza na uso mkavu kama kwamba ndivyo ulivyokusudia. Nikamwambia marehemu baba yake Dorcas, huyu haoni aibu ndogo ndogo, huyu atafaa. Na ulipokuwa ukija likizo na sare zako, ukiniona njiani unaruka kwenye pamba na viatu vile vinavyong'aa, unasimama huko matope yamefika kwenye vifundo, unanipa mgongo mpaka nipite. Wakwe wa wenzangu walikuwa wanajifanya wanaongea na simu. Siku zile nilitembea barabara ile kwa maringo.

Sasa la Dorcas. Nimemsomea barua yako yote, mwanzo hadi mwisho. Alikuwa anashona sare za shule na hakusimamisha cherehani. Nilipomaliza akasema: "Mama, nimechoka kumsubiri mtu ambaye yupo hapo hapo." Hataki kuja. Simlazimishi, ni mwanangu na nilimwona alivyokuwa amekonda alipofika.

Kwa hiyo nitakuja mimi. Nitakaa barazani, wewe ukae ndani, dirisha likiwa wazi tutasikilizana. Nitaleta michembe ya viazi nilivyokausha mwenyewe, na karanga, maana chakula cha serikali nakijua kwa kusimuliwa.

Mama mkwe wako,
Wilhelmina


Kituoni
22 Aprili 2024

Mama mkwe,

Shikamoo mama. Natumaini hujambo, na miguu, na Rose, na Dorcas. Mimi nipo. Siwezi kusema mzima.

Wiki sita sijakuandikia na sikujua nianzie wapi. Nitaanzia pale uliponiona mara ya mwisho, naenda. Mshauri wetu Privatus ni mtu wa Bukoba, kijana msomi na ana moyo mzuri. Hakujua habari za ukwe wetu, na mimi sikumweleza. Ni ujinga wa jeshini huo, mtu akikupangia jambo unasema ndiyo afande hata kama linakuua. Ulipofika ukitafuta baraza, yeye akakushika mkono kwa upendo akakuleta katikati ya chumba. Alikuwa ameweka viti viwili, goti kwa goti. Akasema, Sajenti, mshike mama mikono, mtazame machoni, muombe radhi.

Niliona magoti yako, mama. Sikuona zaidi ya hapo. Niliona kanga yako na magoti yako karibu kuyagusa ya kwangu, na siku ile ya pamba ikanirudia yote, vumbi na harufu yake. Nikatoka. Nilisikia watu wananiita nyuma. Nilipita getini, nikapanda kivuko kilichokuwa kinang'oa nanga, na kabla jua halijazama nilikuwa Nyakato kwa yule mama anayepika gongo nyuma ya viwanda. Nilikunywa siku tano. Sitakueleza hizo siku tano.

Siku ya sita niliamka na wazo moja tu kichwani: sikujua kama ulifika nyumbani. Nilikuacha ng'ambo ya maji, na miguu ile, na ngazi za kivuko, na hakuna mtu aliyekusindikiza. Nikaenda gatini kuuliza. Mfanyakazi mmoja akasema ndiyo, bibi mwenye fimbo alivuka Jumamosi, binti mmoja alimshika mkono kushuka. Basi nikakaa chini pale pale nikalia mbele za watu. Nilipoinuka nilikuwa gatini tayari, nikavuka.

Wamenipokea, ila siku zangu tisini zimeanza upya tangu tarehe 15 Machi. Mzee Antoni amenitunzia michembe yako. Amekula nusu, anasema ni kodi ya ghala.

Nakuomba uache kuhangaika nami. Nilikuaibisha mara moja mbele ya soko zima, na sasa mara ya pili mbele ya wageni. Mtu wa kunipokea hayupo, na ninaanza kuzoea. Mwambie Dorcas asinisubiri.

Mkweo,
Mihayo


Misungwi
29 Aprili 2024

Mihayo baba,

Marahaba. Sisi wazima. Mvua imezidi, daraja dogo limekatika tena, na jogoo wa jirani amehamia kwetu bila kuaga.

Nilifika salama. Nashukuru umeuliza, japo umeuliza kwa njia ya ajabu.

Umeandika "siku ile ya pamba" kama mtu anayepita karibu na nyoka. Mimi nimeingia miaka sitini na mitano na nyoka siwaogopi sana, acha niliseme mimi. Ilikuwa Juni, mwaka juzi. Tulikuwa kwenye mnada wa pamba, mimi kwenye foleni ya mizani na wewe mbali kwa wanaume, unanipisha kama kawaida yako. Tairi la lori likapasuka. Watu wakashtuka, wengine wakacheka. Wewe ulikuja mbio ukiruka marobota, ukaniangusha chini, ukalala juu yangu ukanifunika kichwa kwa mikono yako. Ukawa unanong'ona, tulia, tulia, usiinue kichwa. Ulikuwa umekauka kama gogo na moyo wako nausikia mgongoni mwangu. Halafu wanawake wakapiga ukelele kwamba mkwe amemlalia mama mkwe.

Ulipozinduka ukaona ni mimi, uso wako sitausahau. Ulikimbia, na tangu siku hiyo hukuwahi kukanyaga Misungwi, na pombe uliyokuwa unakunywa Jumapili ukaanza kuinywa kila siku. Dorcas anadhani ulimchoka. Ukoo wanadhani ulirogwa. Mashemeji walitaka ulete mbuzi wa kutakasa, nami niliwaambia wakae kimya.

Nilikosa jambo moja, na ndilo linaloniuma. Nilikaa kimya na mimi. Nilisema mwanamke mzee akitetea jambo kama hilo ataonekana hana haya. Ungekuwa mwanangu wa kumzaa ningekufuata siku ile ile hadi Nyakato. Kwa sababu ya adabu, nikakuacha miaka miwili ukiamini umenivunjia heshima. Baba, mimi nilikuwa chini yako pale. Mtu anajua anapodhulumiwa na anajua anapokingwa. Katika maisha yangu yote hakuna mtu, hata marehemu mume wangu, aliyewahi kukimbia kuja kuweka mgongo wake kati yangu na kifo. Kwamba kifo chenyewe kilikuwa tairi, hilo si kosa lako.

Sasa sikiliza. Tarehe 25 Mei ninakuja tena. Mwambie huyo Privatus asinishike mkono. Aweke viti viwili vipeane mgongo. Hapo sitakutazama na wewe hutanitazama, na midomo tutakuwa nayo.

Mama mkwe wako,
Wilhelmina


Kituoni
27 Mei 2024

Mama mkwe,

Shikamoo mama. Natumaini ulivuka salama. Safari hii niliuliza gatini siku ile ile, kupitia kwa mpishi wetu, wakaniambia ulipita.

Nataka kwanza nikupe habari za huku, utacheka. Ulipoondoka Jumamosi, mzee Antoni alisimama akakagua vile viti viwili kama anakagua gwaride. Akasema, hivi ndivyo tulivyolinda lindo sisi, wawili wawili, mgongo kwa mgongo, mmoja anatazama kaskazini na mmoja kusini, na usiku kucha mnazungumza mambo ambayo hamngeweza kuambiana uso kwa uso. Leo asubuhi amegeuza viti vyote kumi na vinne vikatazama ukutani. Privatus amekubali, akakaa na yeye kwa kutazama ukuta, na kijitabu chake. Koplo mmoja ambaye hajafungua kinywa tangu afike hapa ameongea saa nzima.

Na mimi niliongea, ulisikia. Ila mwisho sauti ilinikatika, kwa hiyo namalizia hapa.

Nilikuambia tulikuwa watano kwenye ile njia ya matope kule Kongo, na mwenzangu Paulo alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Nilikuambia tulikuwa tunabishana kuhusu sato, kama ni mtamu zaidi wa kuchoma au wa mchuzi, na yeye mtu wa Ukerewe akaniambia Msukuma wa ng'ombe hana haki ya kuzungumzia samaki. Risasi zilipoanza nilijilaza chini. Jambo ambalo sikulisema ni kwamba nilimwona. Alikuwa bado amesimama, anageuka kunitazama, bado ana kile kicheko cha sato. Ningenyoosha mkono ningemshika mguu. Mama, sikunyoosha. Nilikuwa na nafasi ya kumvuta, nikaitumia kuficha kichwa changu. Makamanda waliandika kwamba nilifuata mafunzo, na ni kweli nilifuata.

Kila tairi, kila mlango unaopigwa na upepo, najikuta nanyoosha mkono. Siku ile kwenye mnada niliunyoosha mapema, na aliyekuwepo ulikuwa wewe.

Sikuwahi kumwambia mtu. Dorcas aliniuliza miaka mingi, nami nikawa namjibu kwa chupa. Wewe nimekuambia kwa sababu sikuuona uso wako, na kwa sababu uliponijibu ulisema tu, "Sasa tuko wawili tunaolijua." Nimelala usiku wa jana bila dawa. Privatus ameandika hilo kwenye faili kwa wino mwekundu.

Siku tisini zangu zinaisha tarehe 12 Juni. Najua ungetia sahihi kama ingewezekana, lakini mkwe halali kwenye boma la mama mkwe, na mimi nimeshakuvunjia heshima vya kutosha. Nimeomba hosteli. Usihuzunike. Nitakumbuka tu yale matope ya pamba, na viatu vyangu vinavyong'aa, na wewe ukipita kwa maringo. Zilikuwa siku nzuri na nilidhani hukuniona.

Mkweo,
Mihayo


Misungwi
10 Juni 2024

Mkwe wangu Mihayo,

Marahaba baba. Tu wazima wote. Pamba imeanza kupasuka, Rose ana kikohozi kidogo cha vumbi, na yule jogoo tumemla.

Hosteli futa. Nimekuwa na kazi wiki mbili hizi ndiyo maana nimechelewa kukujibu.

Kuna jambo hukulijua. Tarehe 25 sikuja peke yangu. Miguu ilikuwa mibaya, Dorcas akasema atanisindikiza hadi getini tu. Kulikuwa na jua, mlinzi akampa benchi barazani, chini ya lile dirisha. Hakupanga kusikiliza. Alisikia habari za Paulo mpaka pale sauti yako ilipokatika. Barua yako ilipokuja nikampa aisome mwenyewe. Safari hii alisimamisha cherehani.

Siku mbili baadaye, tukiwa tunachambua mchele, akasema: "Atalala upande wa ukutani. Akishtuka usiku huwa ananirukia, na mimi ndiye nitakayelala karibu na mlango." Nikamwuliza na pombe je. Akasema siku moja tu ya pombe atamfungia nje na hatafungua tena, na nilimwona kwamba hatanii. Hayo ndiyo masharti yake, na mimi naona ni ya haki. Usije ukidhani umesamehewa yote.

Kuhusu boma, wewe umesema kweli, mkwe halali kwa mama mkwe, na mimi si mtu wa kuvunja mila uzeeni. Kwa hiyo nimehama. Nimeita wazee watatu na mwenyekiti wa kitongoji, nikasema mbele yao kwamba nyumba hii, na ua wake, na zizi, kuanzia leo ni vya Dorcas. Mimi nimejengewa chumba na jiko ng'ambo ya barabara, kwenye kiwanja cha marehemu. Wazee walikuna vichwa kidogo, lakini hakuna mila inayomkataza mume kulala kwa mkewe. Dorcas ametia sahihi karatasi ya kituo jana. Utaikuta kwa Privatus.

Atakuja kukuchukua yeye mwenyewe Jumamosi, kivuko cha kwanza. Rose ataachwa, ana mtihani, ameshalia vya kutosha.

Nimebakiwa na neno moja na linanipa shida kuliandika. Mimi nilipokuwa binti nilidhani nikizeeka nitakuwa na watu wengi wa kuzungumza nao. Miezi hii minne nimekuwa nikimsubiri kondakta wa basi la Mwanza anayeleta barua zako, kama msichana anayeposwa. Nimeyasoma maneno yako kwa sauti peke yangu jikoni, na nimekuambia mambo ambayo sikumwambia hata baba yake Dorcas. Kuanzia Jumamosi utakuwa ng'ambo ya barabara, hatua hamsini. Tukikutana utaingia kwenye pamba na mimi nitageuza uso, na hivyo ndivyo inavyopasa, wala sitaki Rose akue akiona vinginevyo. Mtu anayeishi hatua hamsini haandikiwi barua, majirani watasema tumerukwa na akili.

Kwa hiyo kama kuna kitu umebakiza kuniambia, niandikie kabla ya Jumamosi.

Mama mkwe wako,
Wilhelmina